Wino Tulioupika Uani

Ninyi vijana wa kiwanda cha chapa, siku ya kuniaga mlinipa kiti cha plastiki na keki, mkasema, "Mama Kavira, tuandikie kidogo mambo ya zamani." Keki niliila, kwa hiyo naandika. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, hayo hamtayaona hapa, maana hata wakati ule yalinichosha. Nitaandika juu ya wino, hasa ule tulioupika wenyewe kwa mafuta ya mimea. Naona siku hizi mnabandika mlangoni tangazo la "wino wa asili usioharibu udongo", na mnafikiri mmeanza ninyi. Haya, kaeni.

Mimi ni mtoto wa sabuni. Baba yangu alipika sabuni Beni, mtaa wa Beu, ndani ya pipa lililokatwa nusu, na kabla sijajua kusoma nilikuwa naweza kunusa mawese nikakuambia yamekaa muda gani. Niliolewa Butembo, tukakaa mtaa wa Mususa, na mume wangu akanipatia kazi ya kufagia kwenye chapa ya kanisa, pale Kimemi. Nilikuja na ufagio wangu mwenyewe. Sikujua kama nitatoka humo na nywele nyeupe.

Mkuu wa mashine alikuwa Papa Paluku. Mtu mfupi, masikio yaliharibiwa na kelele za mashine, kwa hiyo alisema na kila mtu kama mtu aliye kilima cha pili. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya meza ya herufi za risasi, zile zilizopangwa tayari kupigwa wino.

"Weye unajua kusoma?"

"Ndiyo, Papa."

"Soma ile."

Herufi za risasi zinakaa kinyume, kama uso ndani ya kioo. Nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi.

"Bon," akasema. "Hapana kujua. Shika kitambaa, panguza rola."

Basi nikapanguza rola. Tulizisafisha kwa petroli, na petroli ilinipasua mikono mpaka nikashindwa kutwanga sombe, majani ya muhogo, nyumbani. Siku moja nikaleta chupa ya mafuta ya mbegu za ngazi, yaani kokwa za michikichi, yale meusi tunayojipaka mwilini, nikaitumia badala ya petroli. Wino ulitoka wote, taratibu, bila harufu ya kuumiza kichwa. Papa Paluku aliniona, akapiga kelele kwamba sasa chapa imekuwa saluni. Lakini petroli ilipopanda bei, nilikuta amejificha nyuma ya mashine na chupa yangu. Niliweka chupa ya pili karibu na ya kwanza, akajua nimejua.

Hivyo ndivyo alivyonifundisha kazi, kwa kunipigia kelele kwanza na kunisikiliza baadaye. Alinifundisha kusikia mashine ikiwa na njaa ya wino, kupima unene wa wino kwa kisu, kutandaza karatasi hewani zisishikane. Herufi za kinyume nazo zikaniingia, mpaka nikawa nazisoma haraka kuliko magazeti.

Halafu vita. Ya kwanza ilipita juu yetu haraka, ya pili ikakaa. Wino wetu ulikuwa unakuja kwa lori kupitia mpaka wa Kasindi, na lori letu la mwisho liliibiwa lote njiani, wino pamoja na matairi. Sijui waliotuibia walifanya nini na wino. Pengine waliufungua wakitegemea nyanya za kopo. Sisi tulibaki na makopo mawili, ya zamani, wino umekuwa mzito kama bugali ya jana. Hapo ikabidi tuutie mafuta ili ulainike na uenee.

Mtu wa Butembo akikosa kitu anafikiria mawese. Kiongozi wetu wa kanisa, mtu mwema sana asiyejua wino, akaamuru tutie mawese. Papa Paluku alikataa, akaamriwa tena, akatia. Tulichapa nyimbo za waimbaji wa Pasaka. Zilikuwa nzuri kutazama siku ya kwanza. Siku ya tatu kila herufi ilikuwa imezungukwa na duara la njano, na karatasi zilikuwa bado mbichi. Mama wa kwaya wana desturi ya kulamba kidole wakifungua ukurasa, basi siku ya Pasaka waliimba ufufuo na midomo myeusi. Karatasi zilizobaki tulizifungia kabatini. Mende wakazila. Hawakula karatasi yote, hapana, walikula maandishi. Waliacha pembeni pote peupe, safi, kama mtoto anayekula nyama na kuacha bugali.

"Wino yenu ni muzuri sana," Papa Paluku alimwambia kiongozi. "Ata mende banaipenda."

Mimi nilimwambia Papa Paluku jambo ambalo kila mpika sabuni analijua. Mawese hayakauki hata uyaombee. Yako mafuta mengine yanayofanya ngozi juu ukiyaacha wazi. Mafuta ya soya ni hivyo, ukiisahau sufuria nje inavaa ngozi inayonata. Soya ilikuwapo, mama wa vituo vya lishe walikuwa wanailima kila mahali kwa ajili ya watoto. Papa Paluku akauliza:

"Weye unataka kupika wino ao unataka kupika chakula?"

"Papa, moto ni ule ule."

Tulipika uani kwa makala, yaani makaa. Kwanza mafuta peke yake, kwa muda mrefu, mpaka yanavuta uzi kati ya vidole kama asali. Halafu tukatia utomvu wa misonobari tuliokwangua kwenye shamba la zamani la wazungu, ili ushike na ung'ae. Sufuria ya kwanza ilishika moto na kuunguza kamba ya nguo na shati la Papa Paluku lililokuwa juu yake. Ya pili ilitoka nzito, ikang'oa karatasi. Ya tatu haikukauka kabisa, na panya akaja kuionja. Majirani walikuwa wanauliza kila siku tunapika nini chenye harufu mbaya hivyo, na tukijibu wino walicheka mpaka wakakaa chini. Ile iliyofaa ilikuja baada ya kufeli kwingi, na hata hiyo ilitaka kuanikwa kwa subira. Kijiko cha mafuta yetu kwa kijiko cha wino wa kopo, na makopo mawili yakawa kama manne. Nilifurahi, nasema kweli. Nilirudi Mususa nikiimba barabarani kama mlevi.

Sasa sikilizeni kwa nini wino kukauka lilikuwa jambo la mtu kulala nyumbani au kutolala.

Kati ya Butembo na Beni palikuwa na bariera, kizuizi cha askari barabarani, na mwenye bariera alibadilika kila mara. Kijana aliyepita bila kadi aliitwa Mai-Mai, mpiganaji wa msituni, akawekwa pembeni. Wengine walibebeshwa mizigo ya askari na kurudi baada ya wiki. Wengine hawakurudi. Kwa hiyo shule zikaanza kutuomba kadi, za wanafunzi na za walimu, na sisi tulikuwa chapa pekee iliyokuwa bado na wino. Jina la mtu na mahali alipozaliwa viliachwa wazi, shule inavijaza kwa kalamu. Mengine yote yalikuwa kazi yetu.

Binti wa Papa Paluku, Masika, alikuwa anasomea uuguzi Beni. Alikuwa mtoto wake wa mwisho, mama yake alikwisha kufa. Kila akipanda gari kurudi shule, baba yake alikuwa mtu wa kuharibu kazi siku nzima. Anaweka karatasi upande mbaya, anamkemea mtu ambaye hayupo. Zamu ya kadi za shule ya Masika ilipofika, alikataa kuzitoa mpaka azipime.

"Kadi ikichafuka, askari atasema ni ya uongo," alisema. "Na atasema mbele ya mutoto wangu."

Kipimo chake kilikuwa hivi. Alichukua kadi, akaiweka chini ya kwapa, akafunga shati, akazungusha gurudumu la mashine kwa mkono toka asubuhi hadi adhuhuri. Jasho lilimtiririka. Akaitoa kadi, imelowa, imekunjika, na kila herufi iko mahali pake. Akaitumbukiza kwenye maji, akaisugua. Kitu hakikutoka. Akanigeukia, na mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake akasema polepole.

"Kavira. Wasingya."

Hilo ni asante kwa Kinande, na kutoka kwake lilikuwa zito.

Masika alikuja asubuhi iliyofuata kuchukua boksi la kadi za wenzake. Ya kwake aliijaza jina pale pale, akaiweka ndani ya sidiria, akapanda kamionete, gari dogo la mizigo. Nani angemuuliza? Mwanamke wa kwetu anayesafiri wakati wa vita anaweka karatasi zake hapo. Mfuko unapekuliwa kwanza, na kikwembe ulichojifunga kinafunguka. Mimi mwenyewe siku ile nilikuwa nimeweka hapo kadi moja iliyoharibika ukingoni, niione tu itavumiliaje. Nilikuwa nimeoga, nimejipaka mafuta yangu ya mbegu za ngazi kama kila siku.

Nilipofika sokoni na kurudi, nikaitoa. Ilikuwa wingu jeusi. Nikatazama kifuani, na kifuani paliandikwa jina la shule ya Masika, kinyume, safi kama risasi.

Jasho ni maji, na wino wetu haukuogopa maji. Lakini ulikuwa mafuta, na mafuta yanafuata ndugu zake. Papa Paluku alipima kwa kwapa la mwanaume ambaye hajawahi kujipaka kitu maishani. Masika alikuwa msichana wa Butembo anayekwenda mjini Beni. Alikuwa anang'aa toka usoni hadi miguuni.

Sikumwambia baba yake. Ingekuwaje? Nilikimbia kwa jirani yetu Katembo, mnunuzi wa utomvu wa mapapai, aliyekuwa na pikipiki.

"Nipeleke njia ya Beni."

"Mama Kavira, lakini ile njia leo..."

"Katembo! Washa!"

Akawasha. Tulipita kamionete tatu, hakuna Masika. Bariera ilikuwa juu ya kilima kimoja nisichotaka kukitaja, ina kibanda cha majani ya migomba. Masika alikuwa amekaa chini nyuma ya kibanda, hana viatu, analia bila sauti. Kadi za wenzake zilikuwa zimemwagwa kwenye vumbi. Karibu naye alikuwa amekaa kijana mmoja wa shati jeupe, naye hana viatu, na kadi yake iko chini mbele ya miguu yake. Niliitambua kwa mbali, kadi ya mwalimu, kazi yetu.

Mkubwa wa askari wa pale alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanangu. Alikuwa anakula muwa.

"Chef, ule ni mutoto wangu," nikasema.

"Mutoto yako iko anapeleka karte ya uongo kwa Mai-Mai. Boksi muzima. Angalia ya kwake, inatoka mu vidole. Karte ya kweli haitokake."

"Chef, wino ni ya mafuta. Miye mwenyewe ninaipika, mu sufuria. Ikikuta mafuta ya mwili inatoka. Ngoja nikuonyeshe."

Nikaanza kufungua vifungo vya blauzi. Naapa, nilikuwa nafikiria wino tu. Nilitaka aone yale maandishi kifuani, aelewe, basi. Lakini kwetu mama hafungui kifua mbele ya vijana bure. Mama akivua nguo mbele ya wanaume wa umri wa wanawe, amewalaani, na laana hiyo haina mganga. Kilikuwa kifungo cha pili tu, na askari wote wakageuka migongo. Mmoja aliangusha bunduki. Mkubwa wao alijifunika uso na muwa mkononi.

"Mama, tika! Kanga elamba! Kanga!" Acha, funga nguo, funga!

"Ni wino, Chef! Naonyesha wino!"

"Hapana kuonyesha!"

Hapo ndipo nilipoelewa nimeshika nini mkononi. Mimi si mjinga. Kifungo cha tatu sikukifungua kwa ajili ya wino.

"Zwa mwana na yo, kende!" alipiga kelele, bado amefunika uso. Chukua mtoto wako, uende. Nikamshika Masika mkono, nikaokota kadi nilizoweza, nikamsukuma kwenye pikipiki. Na ningeondoka. Lakini yule mwalimu aliniangalia.

"Na huyu pia ni wangu," nikasema.

Mkubwa aliteremsha mkono, akageuka polepole. "Ule? Anaitwa nani?"

Kadi ilikuwa chini, imekauka vizuri kabisa, hajajipaka mafuta huyo. Niliisoma kutoka niliposimama.

"Mbusa. Anafundisha shule ya msingi."

Akaikanyaga kadi kwa kiatu. "Unasoma tu, Mama. Anazaliwa wapi?"

Hilo lilikuwa chini ya kiatu.

"Butembo," nikasema.

Mwalimu alifumba macho. Nikajua nimekosea.

Nikashika kifungo tena. Nikafungua kwa makusudi, polepole, nikiwatazama usoni mmoja mmoja. Safari hii hakuna aliyegeuka. Askari mmoja alianza kucheka, na mkubwa akatafuna muwa wake akatema.

"Minaelewa, Mama," akasema. "Ulisema mwenyewe. Ni wino tu, hapana laana."

Niliomba, nilipiga magoti, Katembo aliomba. Bunduki ikaelekezwa kwa Masika, na tukaondoka.

Nilimfikisha kwa baba yake mchana ule ule. Papa Paluku alimtazama miguu isiyo na viatu, akanitazama blauzi iliyofungwa kombo, akaenda nyuma ya mashine akalia kwa sauti yake ile ile kubwa, mtaa mzima ukasikia. Baadaye tulirekebisha kazi. Tulipika mafuta muda mrefu zaidi, tukaongeza utomvu wa misonobari, tukaanika kadi wiki nzima, na kila msichana tukampa kipande cha plastiki cha mfuko wa sukari cha kufungia kadi yake. Kipimo cha kwapa kilifutwa. Kipimo kikawa mimi, nimeoga, nimejipaka. Masika alimaliza masomo yake. Ninyi mnamjua, ndiye aliyewachoma sindano watoto wenu, na mkono wake si mwepesi.

Wiki kadhaa baada ya siku ile, mama mmoja alikuja kwenye chapa na kikapu cha maharage. Alisema mwanawe ni mwalimu, alikamatwa njia ya Beni, hajarudi. Alisikia kadi zinatoka hapa.

"Akirudi hatakuwa na karatasi," alisema. "Batamukamata tena. Munitengenezee ingine, nimuwekee."

Papa Paluku alimwuliza jina la mwanawe. Alikwenda kwenye meza ya herufi, akaanza kupanga. Safari hii hakuacha mahali wazi pa kalamu. Alilipanga jina lote kwa risasi, herufi moja moja, Mbusa. Mimi nilikuwa nachanganya wino na sikuweza kuinua kichwa. Alipofika mstari wa tatu akauliza, kwa sauti ya kilima cha pili:

"Mama, anazaliwa wapi?"

"Musienene," akajibu.

Mume wangu ni mtu wa Musienene. Tulikuwa tunakwenda huko kila Noeli. Nimelitaja jina hilo maisha yangu yote, na kule bariera nilisema Butembo.